Kabla Hujafunga Uzi Kwenye Kinyama cha Shingoni

Jumapili jioni msichana mmoja alinitumia picha ya shingo yake. "Dada, harusi ya mdogo wangu ni mwezi ujao na gauni langu lina shingo wazi. Nimeambiwa hivi vinyama nivifunge uzi vikauke, au nipake siki. Nianze na kipi?" Nilimjibu papo hapo: usianze na chochote. Halafu nikaona jibu hilo ni fupi mno kwa jambo lililonitoa machozi miaka mitano. Najua mko wengi mnaotamani kuvaa mkufu bila kujishikashika shingo, kwa hiyo naeleza yote.

Changu cha kwanza kiliota mwaka 2014, nikiwa na mimba ya mtoto wa pili. Kidogo kama punje ya mtama, laini, kinaning'inia kwa kikonyo chembamba upande wa kulia, pale pale inapolalia futi kamba. Mimi ni fundi cherehani, na futi kamba hukaa shingoni kutwa nzima. Sikukijali. Nilipojifungua vilikuwa vitatu, mwaka uliofuata sita, na vingine kwapani. Shingo nayo ikawa nyeusi kwa nyuma, nene kidogo, ukiipapasa kama mahameli. Niliisugua kwa dodoki mpaka ikawaka moto. Weusi haukutoka.

Kisha ikaja kicheni pati ya binti wa jirani. Wifi yangu alikuwa nyuma yangu ananifungia zipu, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Wifi, hii shingo huwa unaisahau ukioga?" Wakacheka. Nimemwambia yameisha, lakini hadi leo nikivaa nguo ya zipu ya mgongoni naisikia sauti yake.

Hasira ile ndiyo iliyonipeleka Newala kwa mama mdogo, msimu wa korosho. Kule kila mtu anajua ute wa ganda la korosho unavyochoma. Wanaobangua kwa mkono vidole huwababuka. Mama mdogo akachovya njiti ya kiberiti kwenye ule ute, akagusa kinyama kimoja kimoja. Sikulala. Kimoja kilidondoka, vingine vikabaki, na ngozi ya pembeni ikababuka kidonda kibichi kilichochukua wiki tatu kufunga. Kilipofunga kikaacha keloidi, ngumu, inang'aa, kubwa kama maharage. Inaniwasha mpaka leo. Ngozi zetu nyeusi ni nyepesi kufanya keloidi, na nilibadilisha kitu kisicho na madhara kwa kovu la maisha. Simlaumu mama mdogo. Alinipa alichokijua.

Ndipo nikaenda kwa daktari wa ngozi. Alisomea Moshi, hospitali ya KCMC, kwenye kile kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Nilidhani ataanza na vinyama. Akaniinamisha kichwa, akatazama nyuma ya shingo, akauliza, "Kwenu kuna mwenye kisukari?" Baba alikuwa nacho.

Asubuhi iliyofuata nikapimwa sukari kabla ya kula: 7.8 mmol/L. Tukarudia baada ya wiki: 7.6. Kuanzia 7.0 ni kisukari, kipimo kikirudia hivyo. Nilikuwa nakiona kila siku kwenye kioo, nakisugua kwa dodoki.

Alinieleza hivi. Mwili ukiacha kuitikia vizuri insulini, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu, kongosho huongeza kuitoa, na hiyo insulini nyingi huichochea ngozi kuota kupita kiasi. Ndiyo sababu ya ule weusi, na ndiyo maana vinyama vinazidi. Msuguano nao huchangia, ndiyo maana vinapenda shingoni, kwapani, chini ya matiti na kwenye mapaja. Unene na mimba huviongeza. Haviambukizi. Visichanganywe na sunzua, ambayo huletwa na kirusi, huwa ngumu na ya kukwaruza, na huambukiza. Vikiota sehemu za siri usibahatishe, nenda ukapimwe.

Si kila mwenye vinyama ana kisukari. Wengi hawana, hata wembamba huota. Lakini dada yangu, kama vinaongezeka na shingo inakuwa nyeusi, pima sukari. Kabla ya siki, kabla ya uzi, kabla ya kununua krimu ya mtu usiyemjua, pima sukari. Tone moja la damu, mmekazana kuficha shingo kwa mtandio!

Kuvitoa kulikuwa kazi ndogo kuliko hofu yangu. Sindano ya ganzi, mkasi, tisa vikaisha chini ya nusu saa. Kuna pia kuunguza kwa umeme, na kugandisha kwa nitrojeni, ila hiyo ya pili inaweza kuacha doa jeupe kwenye ngozi nyeusi, naye akaona kwangu mkasi unafaa. Keloidi hakuigusa. Kinyama kinachobadilika rangi, kinachokua haraka au kinachotoa damu bila kuguswa, hicho daktari akione mapema.

Krimu ya kuvizuia visiote hakuna, msidanganywe. Nilipunguza chai ya sukari na vitumbua, nikaanza kutembea kwa miguu hadi kibandani, nanywa metfomini, dawa yangu ya kisukari, bila kuruka. Futi kamba sasa inaning'inia kwenye msumari. Kwa miaka mitatu vimeota viwili tu, na weusi umepungua kiasi kwamba wifi mwenyewe aliniuliza napaka nini. Nilimwambia akapime sukari.

Yule msichana kaniandikia jana. Amepima kabla ya kula, 5.1. Alhamisi atakatwa vinne vya shingoni. Kuna kimoja kwenye ukingo wa kope, alitaka akikate mwenyewe kwa wembe mbele ya kioo. Amekubali kisubiri daktari wa macho, hata kama harusi itapita kikiwa pale.