Fundi, si ile ya mara 60 ndo ina nguvu zaidi?

SWALI: Habari fundi. Natafuta darubini ndogo ya jicho moja, ile ya kutupia kwenye begi na stendi nyepesi, niwe naangalia ndege wa majini alfajiri na jioni. Nimebaki na mbili. Moja ni 11-33x50 (inakuza mara 11 hadi 33, lenzi ya mbele milimita 50) yenye kioo cha ED, nyingine ni 20-60x60 na bei yake haifiki hata nusu ya ile. Muuzaji anasema ya pili ina lenzi kubwa na nguvu karibu mara mbili, ile ya kwanza nalipia jina tu. Navaa miwani. Nichukue ipi?

JIBU: Chukua ile ya 50. Na nikueleze kwanini, maana hili la "inavuta mara ngapi" naulizwa kila siku na limenichosha, sio wewe ndugu yangu, ni hao wanaowajaza watu hizo namba.

60 sio nguvu. Ukuzaji hauongezi mwanga wowote kwenye picha, unachofanya ni kuchukua mwanga uleule ulioingia kwa lenzi ya mbele na kuutandaza, kama una kopo moja la rangi alafu ukuta unazidi kurefuka, utafika mwisho wa ukuta sawa ila rangi itakuwa imepauka. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, unapata upana wa kile kiduara cha mwanga kinachotoka nyuma kuingia jichoni. 60 kwa 60 ni milimita 1. Hiyo ya 50 ukiivuta mpaka mwisho, 33, ni milimita 1.5, ukiirudisha 11 ni karibu 4.5. Sasa mboni ya jicho mchana ina kama milimita 2 au 3, alfajiri inafunguka zaidi, yaani mboni imejiachia inasubiri mwanga na wewe unaipa katundu ka milimita moja. Utaona kiza. Tena hapo kwenye milimita 1 ndo unaanza kuona hata vile viuzi vinavyoelea ndani ya jicho lako mwenyewe, watu wananiletea darubini niwasafishie "uchafu wa ndani", naangalia mi hamna kitu, uchafu anao mwenye jicho.

Alafu kuna mwisho wa undani ambao lenzi yenyewe inaweza kutenganisha. Milimita 50, hata iwe imetengenezwa vizuri kabisa, inaishia kama sekunde 2.3 za pembe (digrii moja ina sekunde 3600), na jicho zima linatenganisha kama sekunde 60. Kwa hiyo ukishafika ukuzaji wa 26 hivi umeshavuna karibu kila kilichomo, kwenda 30 au 40 ni kumrahisishia jicho tu, baada ya hapo unakuza ukungu. Kama huniamini angalia wanaotengeneza za bei mbaya, Swarovski ATC ina lenzi ya 56 na inaishia 40, Kowa TSN-553 ya 55 imewekwa kioo cha floraiti kabisa (kristali isiyotawanya rangi ovyo) na inaishia 45. Unadhani wameshindwa kuandika 60?

Muuzaji hajakosea kila kitu. Zote zikiwa kwenye ukuzaji mmoja, lenzi ya 60 inakusanya mwanga zaidi kwa asilimia 44, na kama vioo vingekuwa sawa ningekuambia uichukue hiyo. Ila vioo haviko sawa. ED kazi yake ni kupunguza ule mstari wa zambarau au kijani unaozunguka kitu cheusi kikiwa mbele ya anga jeupe, na kwenye ndege wa mbali ule mstari ndo unakula rangi za manyoya. Lakini usinunue herufi mbili, hakuna kipimo kimoja kinachobana viwanda vyote. Toka nje, usiangalie kupitia dirisha, tafuta waya wa umeme mbele ya anga, vuta mpaka mwisho, zungusha fokasi taratibu. Nzuri inanasa sehemu moja, unajua kabisa hapa ndo penyewe, mbaya unazunguka mbele nyuma hujui ni wapi. Fanya hivyo asubuhi, mchana joto la ardhini linachezesha picha ukaja kuilaumu darubini bure.

Kwa miwani uliza umbali wa jicho, yaani jicho linaweza kukaa mbali kiasi gani na lenzi ya nyuma na bado ukaona picha nzima, usipungue milimita 15, chini ya hapo utakuwa unachungulia kwenye tundu la ufunguo.

Ila wanaonitia hasira hasa ni hawa wa video, wanabandika simu nyuma ya darubini, wanapiga picha wanasema ipi kali. Simu inajirekebishia fokasi, inaongeza ukali, inasafisha rangi, hapo unalinganisha programu ya simu sio kioo. Na wale wa "mara 300". Aliniletea mtu moja ya hivyo, mbele imeandikwa 80, nikaifokasi mbali kabisa nikawasha tochi nyuma kwenye lenzi ya jicho nikaweka karatasi mbele, duara lililotokea halikufika hata 50, kumbe ndani kuna pete imeziba pembeni za lenzi ili ubovu wake usionekane. Kioo kikubwa cha mapambo, na uzito wake umebeba bure. Hilo jaribio la tochi fanya kwa yoyote unayotaka kununua, rula tu inatosha.

Na ukishauziwa hiyo ikawa giza, tafadhali usimpe yule wa "naifungua naing'arisha nairudisha". Giza la ukuzaji haling'arishwi. Zile zisizoingiza maji zimejazwa naitrojeni, akishafungua imetoka na unyevu umeingia, baada ya muda unakuja kwangu na ukungu kwenye prizimu (vile vioo vya ndani vinavyogeuza picha ikae wima) na tabaka la lenzi limekwanguliwa na kitambaa cha shati, na hapo mi nakurudishia kama ilivyo.