Uniti za geto: pimeni kabla ya kuchanga

Ukipanga na wenzako Bagamoyo, iwe Magomeni au Ukuni, usishangae kukuta vyumba vitano vinategemea LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla. Kila mtu anachanga elfu tano, uniti zinakata tarehe 17, na lawama zote anabebeshwa mwenye feni, kwa kuwa feni ndiyo inayosikika.

Feni mwacheni. Ya mezani inakula wati 50 hivi. Ikizunguka saa 10 mfululizo ni nusu uniti. Jiko la koili la wati 1,500 likichemsha maharage kwa saa mbili limemaliza uniti tatu, sawa na feni ya usiku sita. Hita ya ndoo nayo ni hivyo hivyo, ingawa anayeoga maji ya moto Bagamoyo mwezi wa pili ana lake jambo. Chaji za simu na taa za LED hazistahili hata kikao.

Hesabu yake ni rahisi: soma wati kwenye kibandiko cha kifaa, zidisha kwa saa kinazotumika, gawanya kwa 1,000. Friji na pasi zitakudanganya kidogo, maana hujizima na kujiwasha zenyewe, kwa hiyo hula pungufu ya hesabu hiyo.

Linalowaumiza wengi bila kujua ni bei. Kwa viwango vya 2016, nyumba iliyo kundi la D1, la matumizi madogo ya nyumbani, inapata uniti 75 za kwanza za mwezi kwa shilingi 122 kila moja, kodi na tozo zikiwemo. Zote ni 9,150. Uniti ya 76 inaruka hadi 427. Kundi la T1, la matumizi makubwa zaidi, wanalipa kama 356 tangu uniti ya kwanza, ndiyo maana elfu kumi inawapa uniti 28 tu. Sasa fikiria geto la D1 ambalo kila mmoja ananunua kivyake akijisikia: wa kwanza anapata uniti za bure bure, wa mwisho anapigwa 427 halafu anahisi kaibiwa. Mnunuzi awe mmoja, na stakabadhi zibandikwe ukutani. Uniti 75 ni mbili na nusu kwa siku. Jiko la koili peke yake linazimaliza. Msipokuwa makini, nyumba inahamishiwa T1.

Kwenye stakabadhi hiyo hiyo mtaona kodi ya jengo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Hiyo ni ya mwenye nyumba. Tunzeni risiti, kisha mkubaliane naye ipunguzwe kwenye kodi ya pango.

Uniti zikiendelea kuyeyuka, zimeni kila kitu, chomoeni plagi, kisha mtazame taa nyekundu ya mita. Mita iliyoandikwa 1000 imp/kWh humeta mara 1,000 kwa uniti moja. Ikimeta mara 10 kwa dakika wakati nyumba yote iko kimya, wati 600 zinakwenda mahali. Angalieni kwanza pampu, friji iliyosahaulika na waya uliovutwa kwenda kibanda cha jirani. Msipoona kitu, zimeni swichi za njia mojamoja hadi taa itulie, kisha mwiteni fundi umeme kwa njia hiyo tu.

Kuchanga sawa kwa sawa kunafaa kwenye maji na taka. Kwenye umeme ni dhuluma. Dawa ni mita ndogo kwa kila chumba, ifungwe na fundi mwenye leseni kwa ridhaa ya mwenye nyumba. Jumla ya mita ndogo ikiwa pungufu ya LUKU, tofauti ni ya taa za nje na korido, na hiyo ndiyo mgawane sawa. Kama mita ndogo hazipo, mwenye koili aongeze mchango au ahamie kwenye gesi.

Maji ya DAWASA, mamlaka ya maji: uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Fungeni bomba zote usiku, andikeni namba za mita, mzisome tena alfajiri kabla mtu hajachota. Zikisogea, anzeni na boya la simtanki, halafu tangi la choo: tieni wino kidogo, subirini nusu saa bila kuflashi. Rangi ikitokea kwenye sinki la choo, mpira wa ndani umekwisha. Badilisheni mpira, si tangi zima.

Gesi mkinunua, mtungi wa kilo 6 upimwe mbele yenu: uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye chuma, jumlisha kilo 6.