Barua kwa mwanangu: Pua ya Tony Soprano

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, sisi huku hatujambo. Unasema wewe na wenzako mmemaliza The Sopranos, ile tamthilia ya Kimarekani kuhusu Tony, bosi wa genge la mafia la New Jersey, sehemu zote 86, na sasa hamlali kwa ubishi. Kuna wanaosema Tony alikuwa na wasiwasi wa kichaa, kila aliyemsogelea alimwona msaliti. Kuna wanaosema wasiwasi ule ndio uliomweka hai. Unataka nikuamulie.

Chukua kalamu kwanza. Andika majina ya watu wa ndani waliokuwa wakipeleka siri FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani: Jimmy Altieri, Big Pussy, Ray Curto, Adriana, Eugene Pontecorvo, Larry Boy Barese, na mwisho kabisa Carlo Gervasi. Saba. Sasa pembeni ya kila jina andika alijulikanaje. Jimmy na Pussy waligunduliwa. Adriana alikiri mwenyewe kwa mchumba wake Christopher, kijana wa Tony. Eugene alijinyonga na siri yake. Ray alipatwa na kiharusi akiwa garini na ajenti wa FBI, akafa bila mtu wa kundi kumshuku. Larry Boy na Carlo, habari zao zilifika maji yakiwa yameshamwagika.

Geuza karatasi, andika watu wa karibu ambao Tony aliwaua kwa mkono wake. Pussy muweke kando. Febby Petrulio, msaliti wa zamani, naye muweke kando, maana Tony alimwona kwa bahati tu njiani kule Maine, akimpeleka binti yake kutazama vyuo. Wanabaki Ralph Cifaretto, binamu yake Tony Blundetto, na Christopher. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyekuwa akiongea na FBI.

Kwa hiyo wenzako wote wamekosea. Pua ya Tony hainusi usaliti, inanusa usumbufu. Ralph alimchefua. Blundetto alimletea vita na New York. Christopher alikuwa mzigo wa dawa za kulevya, na siku gari ilipopinduka Tony akaona mwanya wa kuutua. Lakini mzee kama Ray, mkimya, asiye na makuu, huyo nani amtazame? Msimu wa 3 tunaonyeshwa amebeba kinasa sauti, na tangu hapo hadi kifo chake hakuna aliyemgeuzia jicho.

Sasa Pussy, maana ndipo mlipokwama. Rudieni msimu wa 1, sehemu ya 11, muitazame polepole. Makazian, yule askari mla rushwa anayemuuzia Tony habari, anamwambia wazi kwamba Pussy amebeba kinasa sauti. Habari ni ya kweli kabisa. Inaharibika kwa sababu ya aliyeileta: Makazian ana deni la kamari kwa Pussy, na mdaiwa hufurahi mdai wake akizikwa. Tony anaipokea habari kwa shaka, anamtuma Paulie, mtu wake wa karibu, apate uhakika. Paulie anampeleka Pussy kwenye bafu la mvuke na kumtaka avue nguo. Pussy anakataa, anasingizia shinikizo la damu. Hapo mtu mwenye akili timamu angefunga kesi.

Halafu anatokea Jimmy. Amekamatwa, ametoka upesi kuliko kawaida, na sasa yuko nyumbani kwa Tony anauliza maswali ya mambo ambayo hakuna aliyeyataja. Tony anashusha pumzi: kumbe Makazian alichanganya majina! Ule ndio mshono wa hadithi yote. Jimmy alikuwa msaliti kweli, na ukweli wake ukamfunika Pussy. Ukishampata mwizi mmoja ndani ya nyumba, moyo unataka uamini alikuwa peke yake, hasa kama wa pili ni rafiki yako wa tangu ujana.

Msimu wa 2 unapoanza, Pussy anarudi. Anadai alikuwa Puerto Rico akitibiwa mgongo. Tony anamkumbatia kule chini ya nyumba, na hapa simamisheni picha mwangalie mikono. Kumbatio ni refu, viganja vinapita mgongoni, ubavuni, kiunoni. Anampapasa kama mlinzi wa uwanja wa ndege, huku uso ni wa mtu aliyemkumbuka ndugu yake. Yote mawili ni ya kweli kwa wakati mmoja, na hilo ndilo linalowagawa nyinyi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Tony alipapasa nguo siku ambayo hazikuwa na kitu.

Anakuja kukubali mwisho wa msimu, tena akiwa usingizini, tumbo limemchafuka kwa chakula kibovu, samaki wa kwenye ndoto anaongea kwa sauti ya Pussy. Baada ya hapo ushahidi haumchukui hata saa: anakwenda kwa Pussy, anasingizia tumbo, anapanda juu kama anayekwenda chooni, anapekua chumba cha kulala, anavikuta vifaa. Alikuwa anajua siku nyingi. Alichokosa ni ruhusa ya moyo wake.

Angalieni na miili, kwa sababu waandishi wameitumia kwa makusudi. Mgongo wa Pussy unauma anapotaka kukwepa jambo, lakini siku chumba cha karata kilipovamiwa alitimua mbio kama kijana. Adriana tumbo halimpi raha. Mara ya kwanza FBI walipomkalisha na kumweleza kwamba shoga yake Danielle ni ajenti, alitapika palepale juu ya meza yao. Tony mwenyewe huzimia. Mdomo umeapa, mwili haukuapishwa.

Kuhusu kiapo: msimu wa 3, sehemu ya 3, Christopher anaingizwa rasmi. Kidole kinachomwa, picha ya mtakatifu inaungua kiganjani, anaambiwa kuanzia leo kundi hili linatangulia damu yake. Anainua macho, kunguru yuko dirishani. Watu wengi wanamkumbuka kunguru na kumsahau kijana wa pili aliyeapishwa siku hiyohiyo. Ni Eugene. Miaka inapita, Eugene anarithi dola milioni 2 kutoka kwa shangazi yake, anaomba astaafu aende Florida na mkewe na watoto. Tony anakataa. FBI nao, waliokwisha kumgeuza, wanakataa, kwa sababu Ray amekufa na wanahitaji sikio jingine ndani. Kamba anaifunga kwenye boriti nyumbani kwake. Pande mbili zinazochukiana, zikadai utii uleule kwa mtu mmoja, na hakuna iliyomwachia nafasi ya kupumua. Kwangu mimi sehemu hiyo moja inasema zaidi kuhusu utii kuliko kifo cha Pussy.

Wenzako wanaouliza kwa nini hawa watu walitema siri wakati waliapa, waambie wasome sheria. RICO, sheria ya kupambana na magenge, ilipitishwa Marekani mwaka 1970. Kabla yake mwendesha mashtaka alihangaika na kosa mojamoja. Baada yake, kuwa sehemu ya genge linalotenda makosa mfululizo ni kosa lenyewe, na kosa moja linaweza kukupa hadi miaka 20. Kisha msamaha wa kutoka mapema gerezani kwa wafungwa wa serikali kuu ukafutwa kwa makosa yote ya kuanzia Novemba 1987. Zamani mtu alifunga mdomo, akakaa miaka michache, akatoka shujaa. Sasa anatoka mzee wa mkongojo. Pussy alikamatwa na heroini, akapiga hesabu hiyohiyo. Mwaka 1991 Sammy Gravano, msaidizi wa John Gotti, bosi wa mafia wa New York, aliipiga kwenye maisha halisi, na Gotti akatiwa hatiani mwaka 1992. Na hili litawachekesha: mwaka 1999, tamthilia imeanza tu, FBI waliwanasa watu wa familia ya DeCavalcante, mafia halisi wa New Jersey, wakiwa garini wanajiuliza kama hao kwenye runinga ni wao. Mmoja wa waliokuwamo ndani ya gari hilo ndiye aliyebeba kinasa sauti.

Adriana sitaki kumrefusha, maana najua ulilia. Ila kwenye hesabu yenu msimweke kundi moja na Pussy. Hakuwahi kula kiapo. Alibanwa kwa kesi ya dawa za kulevya, na siri alizotoa zilikuwa makombo. Msimu wa 5, sehemu ya 12, alimwambia Christopher kwa sababu aliamini watakimbia pamoja. Huo ulikuwa utii, na ndio uliomuua. Silvio, mshauri wa Tony, anamwendesha hadi msituni, anamvuta nje ya gari, Adriana anatambaa juu ya majani makavu, kamera inabaki nyuma. Risasi tunaisikia, hatuioni. Silvio, aliyekuja kumchukua baada ya Tony kumdanganya kwa simu kwamba mchumba wake amejaribu kujiua, ndiye anayehesabiwa mtu mwaminifu kuliko wote.

Kama mnataka ushahidi wa kinyume, upo mmoja tu, na ni mtamu. Msimu wa 6, sehemu ya 15: Tony na Paulie wako Florida, wamekodi boti. Tony anamuuliza tena na tena, kwa tabasamu baya, ni nani aliyepeleka kwa Johnny Sack, mkubwa wa genge la New York, ule utani kuhusu unene wa mkewe. Paulie anakana, jasho linamtoka, anaikumbuka boti waliyomuulia Pussy. Macho ya Tony yanatua kwenye shoka. Na safari hii yuko sahihi: aliyevujisha ni Paulie, kila mtazamaji anajua. Basi safari hii pua yake inanusa sawasawa, naye anaacha. Anamrushia bia.

Lile suala la sehemu ya mwisho, kule mgahawani Holsten's, kwamba mwanamume mwenye jaketi anayekwenda chooni ndiye muuaji wa Tony, mnaweza kulibishania mpaka kuche. Mimi naangalia kingine. Kengele ya mlango ikilia, Tony anainua macho, nasi tunainua naye. Kila mteja tunamshuku, hata aliyekuja kula vitunguu vya kukaanga. Wakati huo Tony ameshamwambia mkewe Carmela, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya mkate, kwamba Carlo atatoa ushahidi. Wakili wake alishamwambia uwezekano wa kushtakiwa ni asilimia 80 hadi 90. Hatari imetajwa kwa jina pale mezani, nasi macho yote mlangoni.

Mama yako

Nyongeza: aliyekuambia Ralph alikuwa msaliti amemchanganya na Ray. Majina yanafanana, mwambie arudie msimu wa 3.