Shekhe, tangazo la kuvutia mtandaoni ni halali au ni ghushi?

SWALI: Assalamu alaykum shekhe wangu. Mimi ni mama wa watoto wawili niko Tanga, nauza abaya, madera na mafuta ya nywele kwa Instagram na stetasi ya WhatsApp, duka sina, stoo yangu ni kabati la chumbani. Nilijiunga darasa la kuandika matangazo, tukafundishwa tumguse mteja pale panapomuuma, alafu tuseme zimebaki chache, alafu tuweke skrinshoti za wateja waliofurahi na kama bado hatuna tutengeneze wenyewe. Kweli mauzo yamepanda. Mume wangu anasema hii ni ghushi na hela yake ina mashaka. Je tangazo lenyewe ni haramu, au kuna namna ya kuandika likavutia bila kumuudhi Mungu? Na zile nilizokwisha uza nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh binti yangu. Nimshukuru mumeo, na wewe pia nikushukuru, maana mauzo yakishapanda wengi hawaulizi tena.

Tangazo lenyewe sio haramu. Nabii Yusuf (a.s) alimwambia mfalme niweke juu ya hazina za nchi, hakika mimi ni mlinzi mjuzi, iko Surat Yusuf aya ya 55. Alijinadi mwenyewe, kwa sifa aliyokuwa nayo kweli, kwa watu waliokuwa wanaihitaji maana miaka ya njaa ilikuwa inakuja. Kwahiyo ukisema ninachouza ni kizuri kwa sababu moja mbili tatu na sababu zenyewe ni za kweli, hapo huna kosa, na ukiyapanga maneno yakapendeza pia huna kosa.

Ila maneno yaogope kidogo. Walikuja watu wawili kutoka mashariki wakahutubu, watu wakastaajabu, Mtume (s.a.w) akasema hakika katika ubainifu mna uchawi, kaipokea Imam Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, kutoka kwa Ibn Umar. Na wasimulizi wa zamani wana kisa cha mfanyabiashara wa Iraq aliyekuja Madina na mitandio, rangi zote zikaisha zikabaki nyeusi hamna anayezitaka, akaenda kumlalamikia Al-Darimi, mshairi ambaye wakati huo alishaacha mashairi yuko msikitini na ibada zake. Darimi akamtungia beti chache za mrembo wa mtandio mweusi aliyemvuruga mcha Mungu, beti zikaimbwa mjini, watu wakanong'ona kwamba Darimi kaacha ibada kwa ajili ya mwanamke, na mitandio myeusi ikaisha yote, yeye huyo akarudi msikitini kwake. Nakisimulia kama habari ya watu wa kale sio dalili ya sheria. Lakini kiangalie vizuri binti yangu, hakuna aliyeambiwa kitambaa kikoje, kilichouza pale ni stori, na stori yenyewe haikuwa kweli. Na hata hivyo wale wanawake wa Madina walikuwa wanaushika mtandio kwa mikono yao, wanaunyoosha kwenye mwanga wanaona kama unaonesha ndani, ndio wanatoa dirhamu. Mteja wako aliyeko Mwanza hashiki kitu, ana picha yako na maneno yako basi.

Hapo ndio moyo wa jibu langu. Mtume (s.a.w) alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani vidole vikatoka na majimaji. Akamuuliza mwenye mali ni nini hiki, akajibu ni mvua imenyeshea ewe Mtume wa Allah. Akamwambia kwanini usikiweke juu ili watu wakione, mwenye kughushi si katika mimi. Ameipokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Huraira. Yule mtu hakusema uongo hata neno moja! Rundo liko wazi sokoni, anayetaka aguse, na bado akaambiwa neno zito vile kwasababu kavu iko juu na mbichi iko chini. Sasa wewe unauza mahali ambapo mkono wa mteja hauwezi kuingia kabisa, kwahiyo tangazo lako ndio mkono wake. Kile ambacho vidole vyake vingekigundua dukani ndicho unachotakiwa ukiandike wewe.

Mimi mwenyewe niliwahi kuagiza kanzu mtandaoni, kwenye picha nyeupe pepe imekaa vizuri, iliyonifikia ukisimama juani unaona mpaka mstari wa fulana. Nikairudia ile posti nikaisoma tena, uongo haumo, ni kwamba hakuandika kuwa ni nyepesi. Nikajiuliza yeye alipoishika mkononi hakuona? Aliona.

Picha nazo zina hukumu yake, na wengi hawaijui. Zamani mtu akitaka kuuza mbuzi au ngamia anamfunga chuchu, siku mbili tatu hakamuliwi, kiwele kinajaa mnunuzi anadhani huyu ndio mnyama wa maziwa. Mtume akakataza, akasema aliyemnunua akishamkamua ana hiari, akiridhika abaki naye na asiporidhika amrudishe pamoja na pishi ya tende, iko kwa Bukhari na Muslim. Hamna neno lililosemwa pale pia, ni kiwele tu kimejazwa. Ukiweka filta abaya ya kijivu ikaonekana nyeusi ya kukoza, au ukachukua picha ya sapulaya iliyopigwa studio Dubai na mzigo wako ni wa kitambaa kingine, au dera umelibana kwa pini mgongoni ili lionekane limekatwa vizuri, hivyo vyote ni viwele vimefungwa. Picha ya sapulaya inafaa kama mzigo ni ule ule kweli na umeushika ukaulinganisha, na hata hapo ongeza picha mbili za simu yako mlangoni kwenye mwanga wa mchana, moja ya karibu ioneshe ushonaji.

Sasa uandikeje. Imam Ghazali, mwanachuoni wa zamani, alipoeleza adabu za kuchuma alisema jambo ambalo walimu wa matangazo wangelisikia wangelishika. Kasema ukisifia bidhaa kwa kisichokuwepo huo ni uongo, na ukiisifia kwa kitu mnunuzi anakiona mwenyewe hayo ni maneno ya upuuzi, ila kinachofaa ni kutaja sifa iliyopo kweli ambayo mnunuzi asingeijua kama hukumtajia, bila kuipamba kupita kiasi. Jamani hii ni hazina! Angalia posti zako, jamani jamani abaya kali, ya moto, utapendeza mpaka basi, haya yote mteja hayamwambii kitu. Anachotaka kujua ni kitambaa gani, kinashika mwili au kinaanguka, urefu wake, kinajikunja kwenye mkoba, kikifuliwa kinapauka, yuko wapi muuzaji, inafika lini na nauli nani analipa. Andika hivi kwa mfano: "Abaya nyeusi ya kitambaa cha nida, nyepesi ya joto la Tanga, haishiki mwili, urefu inchi 56 na 58, mikono mipana. Haina mfuko. Pasi iwe ya moto mdogo la sivyo inang'aa. Elfu 45, mkoani natuma kwa basi nauli yako." Maneno machache na mteja ameshaingiza mkono kwenye rundo. Lile la haina mfuko usilione dogo, yule anayetaka mfuko hatakununulia leo lakini hatakusumbua kesho, na wengine wote wakiona umetaja upungufu mwenyewe wanaamini na zile sifa ulizotaja. Mstari wa kwanza weka kilicho muhimu kwasababu Instagram inakata kapsheni baada ya mistari michache, sio mtu mpaka abonyeze zaidi ndio ajue unauza nini. Na bei iandike. Sisemi bei inboksi ni haramu, ila kama nia ni uone kwanza profaili ya mtu ndio umpangie bei, acha.

Zimebaki tatu. Kama kabatini ziko tatu sema tatu, ni habari nzuri umempa. Kama ziko ishirini umeongopa, na haraka uliyomtia ni ya kitu ambacho hakipo, akatoa hela ya ada ya mtoto kwa kuogopa kukosa abaya ambayo wiki ijayo ungekuwa unaibembeleza inunuliwe. Hivyo hivyo bei ya elfu 80 iliyokatwa mstari ikaandikwa 45 wakati hakuna siku uliyowahi kuuza 80.

Kwenye skrinshoti za kutengeneza hapo nakuomba usinitafutie mlango maana sina wa kukufungulia. Mtume kakataza najshi, nayo asili yake ni mtu asiyetaka kununua kupandisha bei ili mwingine aingie, na dada zako unaowaambia wakomenti nimeshalipia nimeipenda wakati hawajalipia wanafanya kazi ile ile. Amesema sahaba Ibn Abi Awfa, mwenye kufanya najshi ni mla riba, mhaini. Na huyo huyo Ibn Abi Awfa kasimulia kwamba mtu mmoja alitandaza bidhaa sokoni akaapa kwa Allah kuwa ameshapewa bei fulani na hajapewa, amnase Muislamu, ikashuka aya ya 77 ya Aal Imran, wale wanaouza ahadi ya Allah na viapo vyao kwa thamani ndogo hawana fungu huko akhera. Mpaka leo maneno ni yale yale, wallahi jana kuna mtu alinipa elfu sitini nikakataa. Kwahiyo wallahi itoe kwenye kapsheni zako hata ile ya kweli, Mtume kasema kiapo kinaisukuma bidhaa itoke na kinafuta baraka. Kama huna skrinshoti subiri upate za kweli, muombe mteja ruhusa, ficha namba na jina lake.

Nimebakisha la kumgusa mtu panapomuuma, ndilo linaloniumiza zaidi. Kama mtu ana shida na wewe una kitu kinachosaidia, ukaitaja shida yake kwa upole, huo ni wema. Lakini yapo matangazo yanamtengenezea mtu kidonda alafu yanamuuzia bandeji. Binti alikuwa anajiangalia kwenye kioo anamshukuru Mola wake, anafungua simu anakuta umechoka kuitwa mweusi, mumeo anaangalia wengine, nywele kipilipili zinakuaibisha. Allah anasema hakika tumemuumba mtu kwa umbile bora kabisa na wewe unamwambia amekosewa, ili uuze kopo la elfu 15? Na humo kwenye baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi kuna zebaki na haidrokwinoni, Tanzania zimepigwa marufuku kwasababu zinaharibu ngozi na figo. Mafuta yako ya nywele siyajui, lakini kama ni ya nazi na habati soda sema ni ya nazi na habati soda, yanalainisha na yanapunguza kukatika kama wewe mwenyewe umeyaona hayo, usiandike yanaotesha nywele siku saba na usiandike yanatibu upara. Ukishasema yanatibu umeingia kwenye dawa, na dawa ina wenyewe na ina sheria yake.

Lile tangazo la mali ikiuzwa hairudishwi halimuondolei mteja haki yake kama kuna kasoro uliijua ukainyamazia, hata uliandike kwa herufi kubwa. Na kwetu Mashafi, tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi, wanazuoni wamekaza sana kwenye kuuza kitu mahususi ambacho mnunuzi hajakiona, wengine kama Mahanafi wakaruhusu mnunuzi awe na hiari akikiona, na biashara yenu ya mtandao inasimama kwenye ruhusa hiyo pamoja na kukisifia kitu sawasawa. Ukiipokea ruhusa pokea na hiari yake, akifungua mfuko akakuta sio ulichosema mrudishie hela bila kumtukana. Na zile oda unazopokea hela kabla mzigo haujawa wako, mwambie wazi mimi ni wakala nakuagizia na ujira wangu ni kiasi kadhaa, itakuweka mbali na kuuza usichonacho.

Ulizokwisha uza. Posti za uongo zifute leo, na zile za wateja wa kutunga. Toba kwa Allah unaifanya kati yako na Yeye, lakini haki ya mtu hairudi kwa istighfari peke yake. Wale uliowauzia kitu sawa na kilivyo isipokuwa ulitia chumvi kwenye zimebaki tatu, nataraji kwa rehma za Allah biashara yao imepita na dhambi ni ya ule uongo. Lakini yule uliyempelekea kitambaa kingine, au aliyenunua mafuta kwa ahadi ya siku saba, fungua simu namba zao si unazo, mwandikie dada nilikusifia kitu hakikuwa hivyo, ukitaka kurudisha rudisha, ukitaka nikupunguzie nikupunguzie, ukinisamehe Allah akulipe. Kama huna hela za wote kwa pamoja anza na wawili mwezi huu, andika kwenye daftari la madeni kama deni lingine lolote na mumeo ajue. Yule uliyempoteza kabisa mtolee sadaka kiasi cha ile haki yake kwa niaba yake, na akitokea siku moja akadai, mlipe.

Siwezi kukuahidi kwamba mwezi ujao utauza zaidi, huenda ukauza pungufu kwanza. Mtume kasema muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainisha, wanabarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kuongopa baraka inafutwa. Kasema baraka, hakusema wingi. Nikiwa na uhai nitumie kapsheni yako mpya kabla hujaiposti nikuangalizie.

Wallahu aalam.