Je, Dalili Zilikuwa Wazi Siku Ile?

SWALI: Mhariri, miaka minne iliyopita niliacha kazi ya kudumu nikaingia ubia na rafiki yangu, na biashara ikafa kabla ya kutimiza miaka miwili. Sasa kila ndugu ananiambia alijua tangu mwanzo. Nami nikikumbuka jinsi mwenzangu alivyokuwa akiahirisha kunionyesha daftari la hesabu, jambo ambalo wakati ule nilidhani ni shughuli nyingi tu, najiona mpumbavu. Nitajuaje kama nilikosea kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, hao wanaosema walijua huenda hawakudanganyi, yamkini wanajidanganya wenyewe bila kujua. Mwaka 1972, kabla ya Rais Richard Nixon wa Marekani kuzuru China na Umoja wa Kisovieti, watafiti Baruch Fischhoff na Ruth Beyth waliwaomba wanafunzi wakadirie uwezekano wa mambo kadhaa, mojawapo likiwa Nixon kukutana na kiongozi wa China, Mao Zedong. Ziara zilipokwisha, wanafunzi walitakiwa wakumbuke makadirio yao, na mara nyingi mambo yaliyotokea wakayakumbukia uwezekano mkubwa kuliko ule waliouandika. Wahenga walisema ningalijua huja nyuma. Hawakutuambia kwamba ikishakuja hujifanya ilikuwapo siku zote.

Kwa hiyo usiitegemee kumbukumbu yako pia. Tafuta barua na jumbe za miezi ile, chukua karatasi, uandike yale tu uliyokuwa umekwisha kuyajua siku uliyotia saini, ukiyaacha yote yaliyofuata, hata kama yanakuuma.

Hata hivyo, si kila kosa linasameheka kwa kusema hatukujua. Usiku wa kuamkia Januari 28, 1986, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za kukirushia chombo cha anga cha Challenger walipinga kisirushwe, wakihofia kwamba baridi ingeufanya mgumu mpira unaoziba viungo vya roketi hizo. Wakubwa waliamua kirushwe, kikavunjika sekunde 73 baada ya kupaa, na wote 7 waliokuwamo wakafariki. Hapo onyo lilikuwa mezani siku ile ile.

Basi suala lako linategemea tarehe za lile daftari. Ikiwa uliliomba kabla ya kutoa fedha, ukazungushwa, nawe ukatoa hivyo hivyo, kosa hilo ni lako, na lilionekana hata wakati ule. Ikiwa mizunguko ilianza baada ya hapo, uamuzi wa kuingia ubia hauhusiki nayo. Linalobaki kupimwa ni kwa nini ulikaa muda wote ule bila kulidai. Mimi nashuku swali hili la pili ndilo litakalokusumbua zaidi.

Na ndugu zako, muulize kila mmoja alikuonya lini na kwa maneno gani. Atakayekuonyesha ujumbe wa wakati ule, msikilize.