Skuta ya Mama na Chaji ya Kutwa

Watoto wa mtaani kwetu Shela, hii ya Malindi na si ile ya Lamu, huiita "tuktuk ya bibi". Ni skuta ya umeme ya magurudumu manne, ina kiti, usukani na kikapu mbele, na ndiyo inayomtoa mamangu nje tangu magoti yalipomkatalia kwenda zaidi ya hatua chache. Mama ana miaka 73. Kabla ya skuta, siku ya matembezi yeye ndiye aliyebaki nyumbani, akisema, "Nendeni tu wanangu, mie nimechoka," na sisi tukijua kwamba si uchovu. Ndiyo maana naandika kwa kirefu kuhusu jambo dogo kama betri. Skuta ikizimika njiani mara mbili tatu, mama huanza tena kusema amechoka.

Aliyemnunulia ni kaka yangu anayeishi Florida. Tulipokwenda kumtembelea alitupeleka Epcot, mojawapo ya zile bustani nne kubwa za burudani za Walt Disney World, karibu na Orlando. Pale kuna mabanda ya nchi 11 yaliyozunguka ziwa, na kulizunguka ziwa lenyewe tu ni karibu kilomita 2. Hapo hujahesabu mwendo wa kutoka getini, wala kurudi nyuma kwa sababu mjukuu ameacha kofia mahali. Mama alikaa sana kwenye banda la Moroko akipapasa vigae vya ukutani. Ilipofika saa tisa alasiri, kipimo cha chaji kilikuwa kimeshatoka kwenye kijani.

Nikaanza kutafuta soketi kwa haya, nikichungulia nyuma ya viti na kwenye pembe za kuta. Mama akaniita. "Mwanangu, mbona wanyatia kama mwizi? Nenda kamsalimie mwenyewe, kisha sema haja yako." Nikaenda kwa mhudumu wa mkahawa nikamweleza. Akatuhamishia meza iliyo kando ya ukuta wenye soketi, tukala polepole sana. Tangu siku ile sijatafuta soketi kwa kunyatia.

Lakini chakula cha saa moja hakijazi betri, na hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Betri ya skuta ndogo kama yetu ni mbili za volti 12 zilizounganishwa kuwa volti 24, na kila moja ina uwezo wa ampea-saa 12. Chaja yake hutoa ampea 2. Gawanya 12 kwa 2: saa sita, na kwa kuwa betri za risasi kama hizi, jamii ya zile za gari, hupunguza kasi ya kunywa umeme zinapokaribia kujaa, hesabu nane au zaidi. Saa moja ya mezani, kwa hiyo, ni kama sehemu moja kati ya sita ya betri. Hiyo yatosha kumtoa mama kwenye chakula na kumfikisha getini. Haitoshi kuanza siku upya. Chaji ya matembezi hujazwa usiku nyumbani. Ya mchana ni ya kuongezea tu, kama maji ya kwenye chupa njiani.

Na zile kilomita zilizoandikwa kwenye kijitabu cha skuta, zigawanye kwa mbili. Zilipimwa kwenye sakafu tambarare na ngumu, kwa betri mpya. Yetu iliahidiwa kilomita 15. Mimi humpangia mama 7. Ukiwa na betri ya risasi kuna sababu nyingine ya kufanya hivyo: haipendi kumalizwa. Ukiizoesha kushuka chini ya nusu kila mara, uhai wake hufupika, na ukiilaza tupu siku kadhaa bila chaji huharibika kwa ndani isirudi tena kama zamani. Tukirudi nyumbani, hata kama tumekwenda Uhuru Gardens tu na kurudi, skuta huchomekwa usiku uleule. Kwanza huiacha ipoe kama nusu saa, maana joto la Malindi la Februari na Machi peke yake latosha kuichosha betri.

Tulirudi na skuta nyumbani. Kwa safari ya ndege, liambie shirika mapema betri yako ni ya aina gani na ina ukubwa gani. Za risasi zilizozibwa zisizomwaga tindikali hazikutusumbua. Za lithiamu zinazochomoka zina kikomo cha wati-saa 300 kwa betri moja, na huwekwa nawe kwenye kabini, si mizigoni. Kujua wati-saa, zidisha volti kwa ampea-saa.

Kosa letu kubwa lilitokea usiku wa kwanza nyumbani, na naliandika hapa kwa yeyote mwenye jamaa ughaibuni anayetaka kumletea mzazi chombo kama hiki. Umeme wa Marekani ni volti 120. Wetu ni 240. Nilinunua adapta ya plagi ya pini tatu, nikachomeka chaja, nikaenda kuoga. Nilirudi kwa harufu. Chaja ilikuwa imeyeyuka ubavuni na ukuta umefanya doa jeusi, na mama alikuwa amekaa kitandani ameshika mdomo. Adapta hubadilisha umbo la plagi tu. Haipunguzi umeme hata kidogo. Nilipaswa kugeuza chaja na kusoma maandishi madogo mgongoni. Ikiwa imeandikwa 100-240V, chomeka kwa amani. Ikiwa 120V peke yake, usiichomeke kwenye soketi ya Kenya. Fundi alinishauri niachane na habari ya transfoma ya kupunguza umeme, ninunue chaja nyingine ya volti 24 inayotumia umeme wetu, yenye ampea zilezile, na iliyotengenezwa kwa betri za risasi. Chaja ya lithiamu si ya risasi, hata kama kichwa kinaingia.

Sasa nije kwenye Gedi, maana huko ndiko nilikojifunza kutoamini kipimo.

Ilikuwa Idd pili. Tulikuwa watu tisa kwenye Probox mbili, skuta imefunguliwa vipande na kupangwa nyuma. Gedi ni kilomita 16 hivi kutoka Malindi, na tangu magofu yalipoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024 mama alikuwa akisema lazima ayaone tena kabla hajafa. Mara ya mwisho aliyaona akiwa mwanafunzi. Usiku wa kuamkia safari stima zilipotea saa nne, zikarudi alfajiri. Asubuhi nikawasha skuta, mshale ukasimama kwenye kijani kabisa. Nikasema alhamdulillahi, twende.

Kile kijani kilikuwa cha uongo. Betri ya risasi ikipumzika usiku kucha, volti zake hupanda kidogo zenyewe, na kipimo husoma volti, hakisomi umeme uliobaki. Ukitaka ukweli, mpandishe mwenye skuta, mwambie aende mita chache kwenye mwinuko au mchanga, na uangalie mshale wakati mota inafanya kazi. Ukianguka na kupanda kama pumzi ya mgonjwa, betri haina kitu. Siku ile sikufanya hivyo. Njia za Gedi ni za udongo, mizizi ya miti imezikatiza, na kila mzizi ni mlima kwa gurudumu dogo. Tulipita kaburi lenye tarehe, lile la mwaka 802 wa Hijria, mama akasimama akasoma dua. Tukafika msikiti mkuu. Alipotaka kuondoka, skuta ikalia mlio mmoja, ikakaa.

Kuna kitu mwenye skuta apaswa kukijua kabla ya siku kama hiyo. Nyuma, karibu na mota, pana kijiti cha kuachia gia. Bila kukigeuza, magurudumu hushikwa na breki na hata wanaume wanne hawasukumi. Ukikigeuza, skuta huwa nyepesi, lakini pia haina breki. Kwenye mteremko usikiguse mtu akiwa amekaa juu. Sisi tulimshusha mama akaegemea mabega ya wajukuu wawili, nikasukuma skuta tupu. Kima walikuwa juu ya mti wanatutazama. Mama hakulalamika, na kutolalamika kwake ndiko kulikoniuma.

Getini nilimkuta mzee mmoja wa zamu. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, mwatoka wapi?" Tukaulizana habari za Idd, za watu wa nyumbani, za mvua. Kisha nikamweleza. Nikamwambia pia kitu ambacho sasa humwambia kila ninayemwomba: chaji nzima ya skuta hii haifiki nusu yuniti ya tokeni, ni chini ya pasi ya nusu saa. Watu huiona skuta kubwa wakadhani italamba umeme wao wote. Wakisikia pasi, nyuso hufunguka. Alitupa soketi na kiti cha mama kivulini, akakataa pesa. Nilimwachia mahamri.

Tangu siku ile nimebadilisha mambo kadhaa. La kwanza ni kuomba soketi tunapofika, si tunapozimika. Tukiingia mahali, kabla hata ya kulipa, nauliza: mama ana chombo cha umeme, je, saa saba nitapata pa kuchomeka? Ukiuliza mapema mwenyeji hupanga. Ukiuliza umekwama unamtwisha mzigo. La pili, chaja haibaki nyumbani hata kwa safari fupi. Hukaa kwenye mfuko wake pamoja na ekstensheni ya mita tano na kile kifaa cha kukinga friji umeme ukiruka, maana stima zikirudi hurudi kwa kishindo. Ekstensheni naikunjua yote na kuipitisha ukutani, si katikati ya njia ya watu, na kama ardhi ina maji siiweki kabisa. Skuta nyingi haziendi zikiwa zimechomekwa, kwa hiyo wakati wa chaji uwe wakati wa kula, kuswali au kulala kidogo.

La tatu ni betri ya pili. Ni ghali na seti yetu ina karibu kilo 9, lakini kwa siku nzima nje ya mji sioni njia nyingine ya kuwa na hakika. Hukaa kwenye gari, kivulini, madirisha yameachwa wazi kidogo. Kubadilisha ni dakika moja. Asiyeweza kuinunua asione haya kupunguza safari: Jumba la makumbusho asubuhi, nyumbani kwa chaji adhuhuri, nguzo ya Vasco da Gama jioni upepo ukianza. Mama mwenyewe huona ni bora hivyo.

Mwendo nao hula chaji. Kwenye usukani wa skuta nyingi kuna swichi ya kuzungusha yenye picha mbili, upande mmoja kobe na upande mwingine sungura. Sisi tuliolelewa na hadithi za hao wawili hatuhitaji kuambiwa nani hufika. Mwache kobe kwenye mchanga, kwenye mwinuko na penye watu. Sungura awe wa lami tu. Ufukweni, hata pale kwenye hifadhi ya bahari ya Malindi, tunasimama mchanga unapoanza kuwa laini. Nimeona mshale ukishuka robo nzima kwa mita mia moja za mchanga mkavu. Mchanga mnyevu uliobanwa na maji kupwa ni mgumu zaidi, lakini una chumvi, na chumvi huingia kwenye vichwa vya betri ikaota ungaunga wa kijani. Kila mwezi nafungua, nafuta kwa kitambaa kikavu, napaka vaselini kidogo. Tundu la chaja nalivisha mfuko wa plastiki msimu wa mvua.

Sasa mama anataka Marafa. Amesikia kwa majirani jinsi yale makorongo yanavyobadilika rangi jua likitua, na ameshamwambia kila mtu kwamba tunakwenda Jumamosi. Nimeshamweleza kwamba chini hatutashuka, huko si kwa magurudumu; tutakaa ukingoni. Amekubali. Leo asubuhi nilimkuta uani, amepanda skuta, anakwenda na kurudi kwenye ule mwinuko mdogo wa mlangoni, macho kwenye mshale.