Kupanda mlima mrefu na wafanyakazi wenzako bila maandalizi ya kutosha

Mleta mada ameeleza kwamba ofisi yao imepanga kupanda mlima unaozidi mita 5,000, kwamba zimebaki wiki tatu, na kwamba hajafanya mazoezi yoyote zaidi ya kupanda ngazi za kazini. Anauliza kama aende au atafute udhuru. Nimewahi kwenda safari ya namna hiyo pamoja na wenzangu wa idara na mkuu wetu, na wengi wetu tulikuwa na maandalizi hafifu kama yako. Kwa maoni yangu, miguu isikutie hofu sana. Ogopa zaidi kupanda na watu ambao utaona haya kuwaambia kwamba unaumwa.

Katika mita 5,500 mgandamizo wa hewa huwa karibu nusu ya ule wa usawa wa bahari, kwa hiyo oksijeni inayoingia kwa kila pumzi nayo hupungua kwa kiasi hicho. Mwili huizoea hali hiyo ukipewa siku za kutosha, lakini haukubali kuharakishwa, na mazoezi hayamkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko: kijana anayekimbia kila asubuhi anaweza kulemewa kabla ya mwenzake mwenye kitambi, hasa kwa kuwa nguvu zake humshawishi kwenda haraka. Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne iwepo siku moja ya kutosogea juu. Ukiitazama njia ya Marangu ya Mlima Kilimanjaro, ambako vibanda vya kulala viko takriban mita 2,700, 3,700 na 4,700, utaelewa kwa nini siku ya ziada katika kibanda cha kati haipaswi kuhesabiwa kuwa anasa. Ratiba iliyobanwa ili watu wawahi kazini Jumatatu ndiyo ya kuhoji kwanza.

Sasa nije kwa wenzako. Vyeo havibaki ofisini. Mkuu wetu alitangulia tangu siku ya kwanza, na ingawa mwongozaji alirudia mara nyingi kwamba tupunguze mwendo, hakuna aliyethubutu kubaki nyuma. Mwenzetu wa uhasibu alianza kuumwa kichwa, akakataa chakula, na kila alipoulizwa alijibu kwamba yuko sawa, kwa sauti ile ile anayoitumia hesabu za mwisho wa mwezi zikichelewa. Usiku wa kuelekea kileleni alikuwa akihangaika na zipu ya jaketi bila kuifunga, na alipoulizwa tumetoka kambi gani akataja ya juzi. Mwongozaji alimmulika miguuni akamtaka atembee mstari ulionyooka, kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Hatua ya tatu akayumba, ikabidi ashikwe. Mkuu alipendekeza apumzishwe, anywe kitu cha moto, kisha tuendelee, kwa kuwa kilele kilishakuwa karibu. Mwongozaji hakubishana naye, alimshika mgonjwa mkono akaanza kuteremka.

Kuyumba kwa namna ile huashiria kwamba ubongo umeanza kuvimba, na kukosa pumzi hata mtu akiwa ameketi, pamoja na kikohozi, huashiria maji katika mapafu. Yote mawili huua, na tiba ya kwanza ni kushuka papo hapo, hata kama ni usiku wa manane.

Wiki tatu hazitoshi kujenga mwili mpya, ila zinatosha kulainisha viatu kwa kuvitembelea kila siku. Kata kucha za miguu mapema, maana wakati wa kuteremka vidole hugonga ncha ya kiatu kwa saa nyingi. Joto hushuka kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000, hivyo fulana ya pamba iliyolowa jasho itakugandisha. Betri za tochi nazo huisha haraka kwenye baridi, kwa hiyo zihifadhi karibu na mwili. Muulize daktari kuhusu asetazolamaidi, ambayo husaidia mwili kuzoea mwinuko, lakini haimpi mtu ruhusa ya kupuuza dalili.

Kabla hujakubali, muulize mwandaaji mbele ya wote ni nani mwenye kauli ya mwisho mtu anapotakiwa kuteremshwa, na waongozaji watakuwa wangapi. Kundi lenye mwongozaji mmoja likipata mgonjwa, ama wote watashuka naye, ama mgonjwa ataachwa akisubiri kwenye baridi, ama wengine wataendelea bila mtu anayeijua njia. Ukijibiwa kwamba bosi ndiye atakayeamua, au kwamba mwongozaji ni mmoja tu, tafuta udhuru.